Waomba hifadhi sio waliomaliza nyumba Toronto

Kuna maneno yanazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa Toronto na Mississauga, eti shelta (makazi ya dharura ya wasio na pa kulala) zimejaa na kodi za nyumba zimepanda kwa sababu ya "hawa waliokuja juzi", yani waomba hifadhi wanaosubiri kukubaliwa kama wakimbizi, na kinachoniuma zaidi ni kwamba baadhi ya wanaoyasambaza nao walifika hapa na begi moja tu wakaanzia shelta hizohizo. Kazi yangu kwenye kituo chetu ni mambo ya nyumba na haki za wapangaji, kwa hiyo naomba niyaeleze haya kwa utaratibu.

Watu wameongezeka, hilo hakuna haja ya kulificha. Maombi ya hifadhi Kanada nzima yalikuwa karibu 92,000 mwaka 2022, mwaka uliofuata yakapita 140,000. Kwenye shelta za jiji la Toronto waomba hifadhi walikuwa kama 530 hivi Septemba 2021, ilipofika Mei 2023 wamevuka 2,800, na wengi wa waliofika kipindi kile walitoka Afrika, wakiwemo Wakenya na Waganda wengi tu. Huo ni mzigo kweli, ila tuulize basi, hizo shelta zilijazwa na nini kabla hawajafika?

Mwaka 1993 serikali kuu iliacha kutoa hela za kujenga nyumba mpya za bei nafuu. 1995 serikali ya jimbo letu la Ontario chini ya Mike Harris ikafuta miradi iliyokuwa imeshapangwa, nyumba kama 17,000, alafu baadae mzigo wote wa nyumba za bei nafuu ukasukumwa kwa majiji. 1998 ikaanza sheria inayomruhusu mwenye nyumba kupanga bei anayotaka mpangaji akishatoka, na hapo ndipo zilipozaliwa zile hila za kuwatoa wapangaji wa zamani kwa kisingizio cha ukarabati, mimi kila wiki napokea familia zenye barua hizo. Alafu 2018 serikali ya Ontario chini ya Doug Ford ikaondoa ukomo wa kupandisha kodi kwa nyumba yoyote iliyoanza kukaliwa baada ya tarehe 15 Novemba mwaka huo, yani ukipanga apatimenti mpya mwenye nyumba anaweza kukuongezea dola mia tano kwa mwezi na hajavunja sheria yoyote. Na baraza la jiji la Toronto lilishatangaza kwamba ukosefu wa makazi ni janga mwaka 1998. Elfu moja mia tisa tisini na nane jamani! Hao vijana wa Kampala na Nakuru tunaowalaumu leo wengi wao walikuwa watoto wadogo.

Sasa njoo kwenye hela, maana hapa ndio uongo umekaa, eti waomba hifadhi wanapewa zaidi ya wenyeji. Ontario Works, yani msaada wa jimbo kwa asiye na kipato, kwa mtu mmoja ni dola 733 kwa mwezi, na kiwango hicho hakijapanda tangu 2018, wakati apatimenti ya chumba kimoja Toronto mwaka 2023 ilikuwa imepita dola 2,500. Mzaliwa wa hapa anapata 733, mwomba hifadhi naye 733 hiyohiyo, hakuna bahasha ya siri. Nyumba za ruzuku pia foleni ni moja, kaya zaidi ya 80,000 zinasubiri. Kwa hiyo anayeingia shelta hana pa kutokea, kitanda hakiachwi, anayefuata anabaki nje.

Badala ya kusema hivyo, viongozi walianza kurushiana mpira. Tarehe 1 Juni 2023 jiji likaanza kuwaambia waziwazi waomba hifadhi kwamba vitanda vya kawaida vya shelta sio vyao, waende wakaombe msaada serikali kuu, serikali kuu nayo ikasema shelta ni kazi ya jiji na jimbo. Watu wakalala wiki kadhaa barabarani nje ya ofisi ya 129 Peter Street inayopokea wanaotafuta shelta, mpaka makanisa ya watu weusi kama Dominion Church International na Revivaltime Tabernacle yakawachukua kwa mamia. Julai serikali kuu ikatoa dola milioni 212 kwa ajili ya makazi yao, milioni 97 zikiwa za Toronto. Hata hivyo Novemba ile kuna mtu alikufa hemani nje ya shelta ya Mississauga, na Februari 2024 akafa mama wa Kikenya aliyekuwa amesubiri nje ya shelta kwenye baridi.

Desemba 2024 Ombudsman wa Toronto, yani afisa huru anayechunguza malalamiko dhidi ya jiji, Kwame Addo, alitoa ripoti yake. Alikuta uamuzi wa kuwazuia waomba hifadhi vitanda hivyo ulishafanywa tangu Novemba 2022, bila mipango ya maana na bila kutangazwa, akasema wazi kwamba ni ubaguzi dhidi ya watu weusi. Uongozi wa jiji haukukubaliana naye. Mimi nakubaliana naye kabisa, maana mtu asiye na kura ndiye rahisi kuliko wote kumtupia lawama za miaka thelathini.

Kwa hiyo mgombea akija kanisani au msikitini kwenu akianza habari za wakimbizi, muulize kuhusu ile sheria ya 2018 na ile 733, asubiri hapohapo ajibu. Na wewe uliyekataliwa kitanda kwa sababu ya karatasi zako, andika tarehe, saa na jina la aliyekujibu, peleka malalamiko kwa Ombudsman wa jiji, ni bure na huhitaji wakili.