Kabla hujanunua betri nyingine, kwangua rangi

Nimeletewa tena pikipiki iliyojengwa nyumbani, ina betri mpya, plagi mpya na CDI mpya (kile kifaa kinachoamuru plagi itoe cheche), na ukibonyeza stata inagonga "tak" moja halafu kimya. Mwenyewe ananiambia, "Fundi, betri za siku hizi feki." Betri yake nzima kabisa, inasoma volti 12.7. Kinachomkwamisha ni rangi.

Inaniuma kuona vijana wanamaliza hela Kariakoo kwa sababu ya imani hii, kwamba stata ikikataa basi betri imekufa. Kwenye pikipiki ambayo haijavuliwa tangu itoke kiwandani, sawa, anza na betri. Kwenye pikipiki uliyoibomoa ikabaki fremu, ukapiga msasa, ukapaka rangi ya unga mpaka ndani ya matundu ya bolti za injini, anza na ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Umeme ukitoka chanya lazima urudi hasi, na njia yake ya kurudi ni mwili wa injini, bolti zake na fremu. Rangi haipitishi umeme, na wewe umeziba njia yote.

"Lakini nimepima fundi, mita inalia!" Hapa ndipo subira inaniishia. Mlio wa mita, ule wa kupima kama waya umeunganika, hauthibitishi chochote kuhusu stata. Mita inapopima hivyo hupitisha umeme kidogo mno, wa miliampea. Uzi mmoja uliobaki kwenye waya uliokatika unatosha kuiliza, na mita nyingi hulia hata kukiwa na ukinzani wa omu 20 au 30. Stata ya injini ya cc 125 au 150 inataka makumi ya ampea. Jaribu kupitisha ampea 40 kwenye kiungo chenye ukinzani wa omu 0.1 tu, kitu ambacho mita ya bei rahisi haikioni vizuri: volti 4 zimeishia hapo hapo kabla stata haijazunguka.

Kwa hiyo pima wakati mzigo upo. Mita iwe kwenye volti za DC. Ncha moja iguse kichwa cha betri cha hasi chenyewe, si waya wake; nyingine iguse chuma kitupu cha injini. Mtu abonyeze stata, wewe soma. Ukiona 0.2, ethi yako safi. Hii ya juzi ilisoma 5. Rudia upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi bolti ya waya kwenye stata. Zikipotea volti nyingi huko, shuku relei, ile swichi inayopeleka umeme wa betri kwenye stata. Vitabu vinakomea 0.2, lakini pikipiki kuukuu nimeziona zikiwaka vizuri na 0.5, kwa hiyo namba hiyo ichukue kama dalili.

Dalili nyingine haihitaji mita. Bonyeza stata kwa sekunde kadhaa, kisha shika kebo ya klachi. Ikiwa ya moto, umeme umekosa njia ya halali na unarudi kupitia kebo, unapanda mpaka usukani na kuingia kwenye fremu. Ukiendelea hivyo utaiunguza. Taa ya nutro iliyofifia nayo ichunguze, maana swichi yake inapata ethi kwenye injini hiyo hiyo.

Dawa ni waya mnene kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye injini, na mwingine hadi kwenye fremu. Kwangua mpaka chuma king'ae, bana, ndipo upake grisi juu kuzuia kutu. Wosha zenye meno wapo mafundi wanaoapa kwamba zinatosha bila kukwangua. Mimi siziamini peke yake. Nakiri pia kwamba nikisafisha viungo vyote kwa pamoja na pikipiki ikawaka, mara nyingi sijui kipi hasa kilikuwa na kosa.

Ikigoma hata kwa kiki, chomoa plagi. Ikiwa kavu, fuata mafuta: koki, kabureta, jeti. Ikiwa imelowa, tafuta moto, yaani cheche ya plagi. Kwenye injini za ukoo wa Honda CG125, zile zenye CDI inayolishwa na koili ya magneto, inayozalisha umeme injini ikizunguka, betri haihusiki kabisa na moto. Kagua waya mweusi wenye mstari mweupe, maana ukigusa fremu popote unazima injini, kisha ethi ya koili ya plagi, yaani waya wa kijani au bolti yake. Na moto unaouona nje usikudanganye: ndani ya silinda, hewa ikishabanwa, cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka.

Ukishafika 0.2 pande zote mbili, na betri iliyochajiwa ikawa inashuka chini ya volti 9.5 huku stata ikivuta, hapo nakubali. Kanunue betri.