Mtawanyiko wa nyutroni: namna ya kupima koti la polima kwenye chembe za nano

Chembe za silika zenye kipenyo cha nanomita 20 zikiwa ndani ya maji ya chumvi hushikana na kuwa mabonge. Ndiyo maana wakemia huzivika nyuzi za polima ili zisikaribiane. Lakini koti hilo lina unene gani, na limenyonya maji kiasi gani? Hadubini ya elektroni kwa kawaida hutaka sampuli kavu, na koti likikauka hunywea. Eksirei nazo hutawanywa na elektroni, na kwa eksirei koti lililolowa maji halitofautiani sana na maji yenyewe.

Nyutroni haina chaji, hivyo huzipita elektroni na kutawanywa na viini vya atomu. Hapa pana jambo ninaloliona zuri kuliko yote katika fani hii: haidrojeni na duteri (haidrojeni nzito, yenye nyutroni moja ya ziada kwenye kiini), ambazo kikemia zinakaribia kuwa kitu kimoja, kwa nyutroni ni vitu viwili mbalimbali. Urefu wa mtawanyo, yaani kipimo cha jinsi kiini kinavyotawanya nyutroni, wa haidrojeni ni -3.74 femtomita, wa duteri ni +6.67. Hata alama imegeuka! Kwa hiyo, ukichanganya maji ya kawaida na maji mazito (yenye duteri badala ya haidrojeni ya kawaida), unajichagulia nyutroni zione nini. Maji mazito yakifika karibu asilimia 60, mchanganyiko hulingana na silika na chembe hupotea, kama barafu safi ndani ya glasi ya maji. Linabaki koti tu. Ukishuka chini kidogo ya asilimia 20, koti likiwa la polima iitwayo polietilini glikoli, ndilo linalofifia, na silika inajitokeza.

Kipimo chenyewe hakitoi picha. Miali ya nyutroni, yenye urefu wa wimbi kama nanomita 0.6, hupita kwenye kichupa chembamba cha kwazi, kisha kitambuzi huhesabu nyutroni zilizopinda kwa pembe ndogo. Umbo likiwa kubwa, pembe huwa ndogo zaidi, ndiyo maana kitambuzi cha mtambo wa D11 kule Grenoble, Ufaransa, huweza kusogezwa mbali karibu mita 40.

Kinachopatikana ni mchirizo wa grafu, na mtafiti hutafuta nusukipenyo cha chembe, unene wa koti na kiasi cha maji ndani yake vitakavyouzaa mchirizo huo. Mchirizo mmoja unaweza kukubali majibu kadhaa. Kwa hiyo sampuli hupimwa katika michanganyiko kadhaa ya maji, na jibu hukubaliwa pale namba zilezile zinapoeleza michirizo yote kwa pamoja.