Vivutio vya Singapuri na Kazi Vinazolifanyia Jiji

Wageni wengi wanaofika Singapuri huanzia Marina Bay, na hawakosei, ingawa wengi wao huipiga picha ghuba hiyo bila kujua kwamba wamesimama kando ya bwawa la maji ya kunywa. Hapo zamani maji ya ghuba yalikuwa ya chumvi, yakikupwa na kujaa kama ya pwani nyingine yoyote. Mwaka 2008 mdomo wake ulizibwa kwa ukuta wenye urefu wa mita 350 uitwao Marina Barrage, kisha mvua ikaachiwa kazi ya kuiondoa chumvi kidogo kidogo hadi yakawa maji baridi. Ukuta huo una milango tisa ya chuma. Mvua kubwa ikinyesha wakati bahari imekupwa, milango hufunguliwa na maji ya ziada hutoka yenyewe. Ikinyesha wakati bahari imejaa, milango hubaki imefungwa na pampu saba huyasukuma maji hayo nje. Kwa hiyo ujenzi mmoja unapunguza mafuriko katika mitaa ya bondeni na papo hapo unahifadhi maji, katika kisiwa ambacho hakina mto mkubwa wala ziwa la asili, na ambacho bado hununua sehemu ya maji yake kutoka Johor, nchini Malaysia, kwa mkataba wa mwaka 1962.

Tumeutanguliza ukuta huo kwa makusudi, kwa sababu ndio unaomsaidia mgeni kuelewa vivutio vingine. Nchi nzima ya Singapuri haifikii hata nusu ya ukubwa wa kisiwa cha Unguja, lakini ina watu wapatao milioni sita. Ilipopata uhuru mwaka 1965 ilikuwa na kilomita za mraba zipatazo 580. Leo ina zaidi ya 730, na nyongeza hiyo imepatikana kwa kufukia bahari. Penye uhaba wa ardhi namna hiyo, ni nadra sana kitu kujengwa kwa ajili ya kupendeza tu.

Paa la Marina Barrage limepandwa nyasi, na jioni familia hupanda huko kurusha tiara bila kulipa kiingilio. Kutoka hapo unaiona Marina Bay Sands, yaani ile minara mitatu ya ghorofa 55 iliyobebeshwa jukwaa lenye umbo la merikebu, kazi ya msanifu Moshe Safdie iliyofunguliwa mwaka 2010. Kupanda hadi jukwaani kunahitaji tiketi ya bei kubwa, na bwawa maarufu la kuogelea la huko juu ni la wageni wa hoteli peke yao. Kwa maoni yetu, jengo hilo linapendeza zaidi likitazamwa kutoka mbali.

Jirani na hapo iko Gardens by the Bay, bustani ya hekta 101 iliyofunguliwa mwaka 2012 juu ya ardhi iliyofukiwa. Kinachovuta macho kwanza ni miti 18 ya chuma na zege yenye urefu wa kati ya mita 25 na 50, iliyovikwa mimea hai kuanzia shinani hadi juu. Baadhi yake imebeba mitambo ya kunasa nishati ya jua, na mingine hutumika kama dohani za kutolea hewa ya moto kutoka katika mitambo inayopoza nyumba mbili kubwa za kioo zilizo jirani. Mitambo hiyo nayo huendeshwa kwa sehemu na taka za mimea, yaani matawi na majani yaliyopogolewa katika bustani za jiji, ambayo huchomwa ili kuzalisha umeme na joto. Ndani ya nyumba ya kwanza, Flower Dome, kuna hewa ya baridi kiasi na mimea ya nchi kame, ikiwemo mibuyu ya Afrika na Madagaska, na si ajabu kumkuta mgeni kutoka Dodoma au Kitui akipanga foleni kupigwa picha na mti ulio nyuma ya nyumba yao. Nyumba ya pili, Cloud Forest, ina mlima uliotengenezwa na maporomoko ya maji ya mita 35. Nyumba hizo mbili zina kiingilio, lakini maonyesho ya taa na muziki chini ya miti ya chuma hufanyika kila usiku bila malipo.

Bustani ya pili ni ya zamani zaidi, na kihistoria ndiyo yenye uzito. Singapore Botanic Gardens ilianzishwa mwaka 1859, na mwaka 2015 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Miche michache ya mpira ilifikishwa hapo mwaka 1877 kutoka bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, nayo ilikuwa imetokana na mbegu za Brazili. Henry Ridley, aliyeanza kuiongoza bustani mwaka 1888, alibuni namna ya kuchanja gome ili utomvu uvunwe mara kwa mara bila kuua mti, akawashawishi wakulima wa Malaya, yaani rasi ya Malaysia ya leo, wapande mpira. Mashamba hayo ndiyo yaliyokuja kuuangusha sokoni mpira wa mwitu wa Amazoni na ule wa Kongo, ambao wananchi wa huko walilazimishwa kuukusanya kwa mateso makubwa. Kuingia bustanini ni bure tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Sehemu ya okidi pekee ndiyo inayolipiwa.

Kwa msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, mahali pa kutokosa ni Asian Civilisations Museum, kando ya mto. Humo imehifadhiwa shehena ya jahazi lililozama katika karne ya tisa karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, na kugunduliwa mwaka 1998. Lilikuwa limebeba vyombo vya kauri vya Kichina vipatavyo 60,000, vingi vikiwa mabakuli ya kawaida yaliyopangwa ndani ya mitungi ili yasivunjike. Mbao za jahazi hilo hazikupigiliwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba, mbinu ileile iliyotumiwa kuunda mitepe ya pwani yetu. Mwaka 2010 jahazi la mfano lililoundwa Oman kwa kushonwa vivyo hivyo lilivuka bahari kutoka Maskati hadi Singapuri, likiwa zawadi ya nchi hiyo.

Biashara ya Bahari ya Hindi iliacha pia watu. Katika mtaa wa Kampong Glam utaikuta Arab Street na kumbukumbu za Wahadhrami, yaani Waarabu wa Hadhramaut nchini Yemen, ndugu wa wale walioweka makazi Lamu, Mombasa na Zanzibar. Syed Omar Aljunied alijenga msikiti wa kwanza wa Singapuri mwaka 1820, na jina la ukoo wake leo ni jina la kituo cha treni. Sultan Mosque, unaotawala mtaa huo kwa kuba zake za dhahabu, ulikamilika katika umbo lake la sasa mwaka 1932. Ukikaribia utaona mkanda mweusi chini ya kila kuba: ni vitako vya chupa za kioo vilivyochangwa na waumini maskini, ili wao pia wawe na sehemu yao katika ujenzi. Katika South Bridge Road, Masjid Jamae na hekalu la Kihindu la Sri Mariamman vimekuwa majirani tangu miaka ya 1820, tena katikati ya mtaa wa Wachina.

Chakula kiliwe kwenye masoko ya vyakula, ambayo utamaduni wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2020. Haya nayo yalitokana na sera: wachuuzi waliokuwa wakipika barabarani, mithili ya mama lishe wetu, walihamishiwa katika majengo yenye maji ya bomba, mifereji na ukaguzi wa afya, wakaendelea kuuza kwa bei ya watu wa kawaida. Tafuta alama ya halali kwenye kibanda ukiihitaji, usikae penye pakiti ya karatasi za kufutia mikono kwa kuwa kiti hicho kina mwenyewe, na ukimaliza rudisha sinia, maana kuliacha mezani ni kosa kisheria. Soko la Maxwell linafaa kwa sababu hatua chache kutoka hapo ipo Singapore City Gallery, ambako utaona bila malipo mfano mkubwa wa jiji zima ukiwa na majengo yaliyopo na yanayopangwa. Kisha tembea hadi Pinnacle@Duxton, majengo saba ya ghorofa 50 yaliyojengwa na serikali kwa ajili ya wananchi. Kwa ada ndogo mgeni hupanda hadi juu kuliangalia jiji ambalo wakazi wake karibu wanane kati ya kumi wanaishi katika nyumba za namna hiyo.

Sanamu ya Merlion, yenye kichwa cha simba na mwili wa samaki, inatosha kutazamwa dakika chache ukiwa njiani. Sentosa ni kisiwa cha starehe kinachowafaa zaidi wenye watoto, nayo bustani ya wanyama ya usiku haitamshangaza sana aliyewahi kulala Serengeti.

Ifahamike kwamba mvua hunyesha mwaka mzima, hasa Desemba na Januari, kwa hiyo mwavuli ni wa lazima. Kula au kunywa ndani ya treni ni marufuku, sigara za kielektroniki haziruhusiwi kuingizwa nchini, na adhabu ya kusafirisha dawa za kulevya inaweza kuwa kifo. Wanaotoka nchi zenye homa ya manjano, kama Kenya na Uganda, wawe na cheti cha chanjo. Jewel, jengo la uwanja wa ndege wa Changi lenye maporomoko ya mita 40 yanayotumia maji ya mvua, liko nje ya eneo la uhamiaji. Abiria anayebadilisha ndege tu hatalifikia mpaka agongewe muhuri wa kuingia nchini, basi aangalie mapema masharti ya viza ya pasipoti yake.