Wabaptisti wahafidhina: watu wanavyodhani na ukweli ulivyo

Muulize mtu yeyote Wabaptisti ni akina nani, atakwambia ni wale wa maji mengi, basi, kamaliza. Hajakosea sana, ila maji sio mwanzo wa stori. Mwanzo wa stori ni swali la nani anahesabiwa kuwa kanisa, na ukishaelewa walivyolijibu hilo swali karibu kila kitu chao kingine, kura, nidhamu, meza ya Bwana, hata ugomvi wao na wafalme wa zamani, utakielewa bila shida. Jibu lao ni kwamba kanisa ni watu waliookoka tu, walioamini wenyewe kwa akili zao timamu, sio kila aliyezaliwa kwenye familia ya Kikristo au nchi ya Kikristo. Na nikisema wahafidhina naongelea wale wanaoshika kwamba Biblia yote ni neno la Mungu lisilo na makosa na mafundisho hayabadilishwi kwa kufuata upepo, maana Wabaptisti wako wa kila aina na wengine wameshahama kabisa huku.

"Mwanzilishi wao ni Yohana Mbatizaji"

Hii inasemwa sana, na wengine wanaoisema ni washirika wenyewe. Hapana. Kanisa la kwanza la Kibaptisti tunaloweza kulifuatilia kwenye maandishi lilikuwa la Waingereza waliokimbilia Amsterdam wakiongozwa na John Smyth, na mwaka 1609 Smyth aliamua kwamba ubatizo aliopewa utotoni haukuwa ubatizo, akajibatiza mwenyewe alafu akawabatiza wenzake. Na hapa ndo patamu, inavyoonekana hakumzamisha mtu, alimimina maji tu. Kuzamisha kulikuja kushika kwa Wabaptisti wa London miaka ya 1640, na ungamo lao la imani la 1644 likaandika wazi kwamba ni mwili mzima kwenda chini ya maji. Yaani walianza na nani abatizwe, maji kiasi gani ikafuata miaka 30 na kitu baadaye.

Wapo wanaoshikilia kwamba kuna mlolongo wa makanisa ya Kibaptisti usiokatika toka enzi za mitume, na wanauchora mpaka kwenye chati, lakini wanahistoria wengi, wakiwemo Wabaptisti wenyewe, hawaukubali. Mimi sioni hata wanauhitaji wa nini, kanisa linalosema msingi wake ni Biblia halina haja ya kutafuta ukoo.

"Kwao usipozamishwa hujaokoka"

Ni kinyume kabisa. Wanaofundisha kwamba ubatizo ni sehemu ya kupokea msamaha wa dhambi ni wengine, kwa mfano Makanisa ya Kristo, na kwa vile nao wanazamisha, watu wanawachanganya na Wabaptisti. Mbaptisti mhafidhina atakukumbusha yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu, hakubatizwa na aliahidiwa peponi siku ileile. Kwake mtu anaokoka kwa neema kwa njia ya imani, na maji yanakuja baada ya hapo kama utii na tangazo la hadharani kwamba amekufa na kufufuka pamoja na Kristo. Ndo maana wanang'ang'ania kuzamisha, kwa sababu kunyunyiza hakuonyeshi kaburi.

Sasa kwa vile ubatizo ni wa aliyekwisha amini, kazi kubwa inafanyika kabla ya maji. Mtu anakaa na mchungaji au wazee anahojiwa, anapita darasa, anatoa ushuhuda wake mbele ya kanisa jinsi alivyookoka, na kwenye makanisa mengi washirika wanapiga kura kumpokea. Kunyoosha mkono siku ya mkutano na kuirudia sala ya toba hakutoshi, japo kuna makanisa mengi tu ya Kibaptisti yaliyozoea kuhesabu mikono na kuita ni waongofu, na wahafidhina makini wanalilalamikia hilo kuliko hata watu wa nje.

Alafu kuna habari ya watoto. Hawabatizi watoto wachanga, na watu wanadhani basi wanafundisha kwamba mtoto akifa bila maji ameangamia. Hata! Kama maji hayaokoi mtu mzima, kuyakosa hakumpotezi mtoto. Mtoto analetwa mbele ya kanisa anaombewa, wazazi wanaahidi kumlea kwenye njia ya Bwana, inaishia hapo. Ila wanapokosea wenyewe, kwa maoni yangu, ni kwenye umri. Makanisa mengine yanabatiza mtoto wa miaka 6 au 7 ambaye amesema ndio kwa sababu rafiki yake amesema ndio, na miaka kumi baadaye yuleyule anarudi anataka abatizwe tena kwa sababu safari ile hakuelewa kitu. Wengine wanasubiri mpaka ujana ukolee. Biblia haijataja umri kwahiyo mjadala hauishi, lakini kanisa linalosema ushirika ni wa walioamini wenyewe alafu linakimbiza watoto majini linajipinga lenyewe.

Na "ubatizo wa pili" hawaukubali kama lugha. Aliyenyunyiziwa utotoni wao wanamhesabu kwamba bado, hivyo anayezamishwa leo ndo anabatizwa mara ya kwanza. Hii inawauma wengi, hasa mzee aliyemcha Mungu maisha yake yote kwenye dhehebu lingine anapoambiwa hawezi kuwa mshirika mpaka aingie majini. Kwenye makanisa yenye msimamo wa kufunga meza ya Bwana hata mkate hapewi. Unaweza usikubaliane nao, ila ukianza na msingi wao hawana njia nyingine ya kutokea.

"Wanasema ukiokoka umeokoka, basi wanaishi wapendavyo"

Hii ndo inayopotoshwa kuliko zote, na lawama nyingine ni za wahubiri wao wenyewe waliolirahisisha fundisho mpaka likawa kama bima. Fundisho lenyewe ni kwamba aliyeokolewa kweli Mungu anamshika mpaka mwisho, anaweza kuanguka, hata anguko baya la aibu, lakini hatakaa huko moja kwa moja. Na anayeiacha imani jumla asirudi, hawasemi kaupoteza wokovu, wanasema hakuwahi kuwa nao, wanakupeleka 1 Yohana 2:19, walitoka kwetu lakini hawakuwa wa kwetu. Sasa mtu akilielewa hivyo atatambaje kwamba yuko salama huku anaishi na dhambi yake bila hata kujuta? Fundisho lenyewe linamtia wasiwasi.

Tena sio Wabaptisti wote wanaolishika. Kuna Wabaptisti wa Hiari Huria wanaosema mtu anaweza kuuacha wokovu, na nao ni wahafidhina vizuri tu.

Kinachosahauliwa ni nidhamu ya kanisa. Wanafuata Mathayo 18, kwanza unamwendea mwenye kosa peke yake, akikataa unaenda na mmoja au wawili, akikataa linaletwa mbele ya kanisa, na akikataa hata kanisa anatengwa, yaani anaondolewa kwenye ushirika na kuzuiwa meza ya Bwana. Ibada anaruhusiwa kuja kusikiliza, tena wanataka aje, anabembelezwa kurudi, na akitubu anapokelewa upya. Wengi wanadhani kutengwa ni kufukuzwa mlangoni. Ukweli mwingine ni kwamba makanisa mengi yanayojiita ya kihafidhina yameiacha kabisa hii habari, majina kwenye kitabu cha washirika yapo mamia na kwenye ibada unaona robo, hakuna anayeuliza wengine wako wapi. Wabaptisti wa miaka ya 1700 na 1800 wasingelivumilia hilo, kumbukumbu zao za vikao zimejaa kesi za ulevi, madeni yasiyolipwa na ugomvi wa mume na mke.

"Kuna mkubwa wao mahali anayewaamuru"

Hayupo. Kwa kanuni yao hakuna askofu juu ya mchungaji, hakuna makao makuu yanayohamisha wachungaji. Kila kanisa la mahali linajitawala, washirika kwenye kikao chao ndo wanaita mchungaji, wanapitisha bajeti, wanapokea memba na kutoa memba. Ofisi ni mbili tu, wachungaji au wazee (kwao ni kitu kimoja), na mashemasi. Konvensheni na jumuiya zipo, lakini ni za kushirikiana kwenye umisheni na seminari, kanisa linaingia kwa hiari na linatoka kwa hiari.

Mfano mzuri ni wa 2023, Konvensheni ya Wabaptisti wa Kusini ya Marekani, SBC, ilipothibitisha kuitoa Saddleback, kanisa kubwa la California, kwa sababu ya kuwa na mwanamke kwenye uchungaji. Watu walisema kanisa limefungwa. Halikufungwa! Konvensheni haimiliki jengo wala haina mamlaka ya kumfukuza mchungaji, kitu pekee ilichoweza kusema ni kwamba hatushirikiani tena na nyie, na Jumapili iliyofuata wakaabudu kama kawaida.

Uhuru huu una upande wake mbaya na ni lazima usemwe. Ripoti huru ya 2022 kuhusu hiyohiyo SBC ilionyesha viongozi wa juu kwa miaka waliwapuuza watu walionyanyaswa kingono makanisani, na kisingizio kimojawapo kilikuwa kwamba kila kanisa linajitegemea kwahiyo sisi hatuwezi kuingilia. Kanuni nzuri ikawa pazia. Na kwa ngazi ya chini utakuta mchungaji amekuwa mfalme mdogo, kura zinapigwa kwa jina tu, na hakuna wa kumkatia rufaa.

Uhuru huohuo ndo unafanya jina Baptist lisiwe na ulinzi, yeyote anaweza kulibandika mlangoni. Westboro ya Topeka, Kansas, wale wa mabango ya matusi kwenye mazishi, ni kikundi kidogo ambacho sehemu kubwa ni familia moja, hakimo kwenye SBC wala Baptist World Alliance (umoja wa Wabaptisti wa dunia), lakini kila wakionekana kwenye habari Wabaptisti wote dunia nzima wanapakwa matope. Vilevile ukisikia Baptist usifikirie Wamarekani weupe peke yao. Jimbo la Nagaland huko India watu wengi ni Wabaptisti. Na historia yao na utumwa ina pande mbili zisizofanana hata kidogo, SBC ilizaliwa 1845 kwa sababu Wabaptisti wa kusini walitaka wenye watumwa waruhusiwe kuwa wamishenari, ikaja kuomba msamaha rasmi 1995, wakati Jamaica kiongozi wa uasi wa watumwa wa Desemba 1831, Sam Sharpe, alikuwa shemasi wa Kibaptisti, akanyongwa mwaka uliofuata.

"Mwanamke hana nafasi"

Uchungaji, hapana, hilo wahafidhina hawazungushi, wanasoma 1 Timotheo 2 na 3 na tamko la imani la SBC la 2000 limeandika hivyo kabisa. Lakini kwenye makanisa mengi kura anapiga sawa na mwanaume, na kwenye kanisa linalotawaliwa na kikao cha washirika kura ni kitu kikubwa. Ushemasi wanabishana.

"Hawamwamini Roho Mtakatifu"

Wanamwamini, ni nafsi ya tatu ya Utatu na bila yeye hakuna anayeokoka. Wanachokataa wengi wao ni kwamba kunena kwa lugha ni dalili lazima ya kujazwa Roho, na wengine wanasema karama hiyo iliishia enzi za mitume. Ibada kutulia sio ushahidi wa kitu chochote.

"Wangepata nafasi wangetulazimisha wote dini yao"

Leo wapo wanasiasa wenye kadi ya ushirika wa Kibaptisti wanaoongea hivyo na siwezi kukataa. Ila kihistoria hawa ndo walikuwa watu wa kwanza kwa Kiingereza kudai uhuru wa dini kwa kila mtu, sio kwao tu. Thomas Helwys, aliyekuwa na Smyth Amsterdam, alirudi Uingereza akaanzisha kanisa Spitalfields, London, na 1612 akachapisha kitabu kinachomwambia mfalme kwamba hana mamlaka juu ya roho za watu, wawe wazushi, Waislamu au Wayahudi. Akatupwa gereza la Newgate na kufikia 1616 alishafariki. Virginia, kabla ya mapinduzi ya Marekani, wahubiri wao walifungwa kwa kuhubiri bila leseni. Na ile barua ya Rais Thomas Jefferson ya 1802 yenye maneno ya ukuta kati ya kanisa na serikali alikuwa anawajibu Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, waliokuwa wanalalamika kwamba uhuru wao wa dini unachukuliwa kama hisani ya serikali.

Inarudi palepale, kama kanisa ni la walioamini wenyewe basi kumlazimisha mtu kuamini ni kupoteza muda, utapata mnafiki aliyelowa maji.

"Divai kwao ni marufuku toka zamani"

Sio toka zamani. Juisi ya zabibu isiyochacha kwa ajili ya meza ya Bwana ilianza 1869 na Thomas Welch, ambaye hata hakuwa Mbaptisti, alikuwa Mmethodisti. Kabla ya hapo walikunywa divai kama wengine. Kutokunywa pombe kabisa kulishika miaka ya 1800 na harakati za kupinga ulevi, na siku hizi makanisa mengi ya kihafidhina yanaliweka hilo kwenye agano la washirika, lakini ni desturi yenye umri, sio fundisho la msingi.

"Wanakubali Biblia ya King James peke yake"

Hiyo ni tafsiri ya Kiingereza ya 1611, na wanaoishikilia peke yake ni kundi mojawapo tu, hasa kwenye makanisa huru ya kifundamentalisti yanayotumia Kiingereza, na wana kelele kuliko idadi yao. Wahafidhina wengi wanatumia tafsiri mbalimbali, na wanaoabudu kwa lugha nyingine hawana hata habari na mjadala huo. Halafu huyo King James ndiye mfalme yuleyule ambaye Helwys alimwandikia, na ni chini ya utawala wake ndo alifungwa.