Slim Dusty hakuwa Jim Reeves wa Australia

Wapenzi wa kantri, na Kenya wako tele, wakikutana na jina la Slim Dusty, mwimbaji wa baladi za porini wa Australia, humtia fungu moja na Jim Reeves na Kenny Rogers, kisha humwongezea Keith Urban kwa kuwa naye anatajwa kuwa wa Australia. Ukiuliza baladi ya porini ni nini, unajibiwa: ni kantri tu, ila ya Australia. Hapana jamani.

Baladi ya porini, ambayo wenyewe huiita bush ballad, ni wimbo unaosimulia kisa cha watu wa mashamba na barabara za mbali za Australia: wachunga ng'ombe, wakata manyoya ya kondoo, madereva wa malori. Gitaa la kawaida, mdundo mwepesi, kila neno linasikika. Basi, maana yenyewe ni hiyo. Kinachonikera ni watu kuibambikia asili isiyo yake.

Ni kweli sauti ilitoka Marekani. Santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, zilifika hadi mashambani, na kufikia miaka ya 1930 waimbaji kama Tex Morton, mzaliwa wa New Zealand, walikuwa wamevaa kofia pana na kuimba kwa yodeli, yaani kurusha sauti kutoka nzito hadi nyembamba. Lakini maneno yana ukoo mwingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 washairi Banjo Paterson na Henry Lawson walikuwa wakichapisha katika The Bulletin, jarida la Sydney, mashairi kuhusu wachunga ng'ombe, ukame na mafuriko, na watu wakayajua kwa moyo. Baladi ya porini ni ushairi huo uliopata gitaa. Slim Dusty mwenyewe aliyatia muziki mashairi ya Lawson.

Jina lake halisi ni David Gordon Kirkpatrick. Alizaliwa mwaka 1927 Kempsey, New South Wales, akakulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Nulla Nulla Creek. Wimbo wake wa kwanza, alioutunga akiwa na miaka 10, ulihusu kifo cha kauboi. Kauboi, kwa mtoto wa Nulla Nulla Creek! Mwaka uliofuata akajipachika jina la Slim Dusty. Ukimwita mwigaji kwa miaka hiyo, sikubishii. Ila mwaka 1945 aliandika When the Rain Tumbles Down in July, na humo kauboi hayumo. Kuna magogo yaliyosongamana kwenye kijito kilichofurika, kuna ng'ombe wanaohama mabondeni, na kuna mvua ya Julai, mwezi ambao kule ni majira ya baridi. Huyo ni mtu anayeimba alichokiona akiwa kwao.

Halafu ukaja A Pub with No Beer, mwaka 1957. Ulitolewa upande wa pili wa santuri, Saddle Boy ukiwa ndio wa mbele, na huo wa nyuma ndio uliofika nafasi ya 3 Uingereza mwaka 1959. Kisa chake ni baa iliyoishiwa bia, hadi mhunzi wa kijiji anarudi kwa mkewe bila kulewa, mara ya kwanza maishani. Gordon Parsons aliutunga kutokana na beti zilizomfikia za shairi la Dan Sheahan wa Ingham, Queensland. Sheahan alikuwa ameliandika wakati wa Vita Kuu ya Pili, baada ya kufika baa akakuta askari wa Marekani wamekunywa bia yote. Kwa hiyo Wamarekani wana mchango katika wimbo huo, lakini ni mchango wa kumaliza bia.

Kuanzia 1954 Slim Dusty na mkewe, Joy McKean, walifanya ziara kuwa kazi ya kudumu, wakipiga muziki kwenye kumbi za miji midogo ambayo wasanii wengi hawakujisumbua kuifikia. Wasikilizaji walikuwa watu walewale wanaoimbwa. Alipofariki mwaka 2003, akiwa na miaka 76, alikuwa anarekodi albamu yake ya 106, na alizikwa kwa heshima za kitaifa.

Sasa Keith Urban. Anapiga gitaa vizuri kweli, sina ugomvi naye. Lakini alizaliwa New Zealand, akakulia Queensland, akahamia Nashville, makao ya kantri ya Marekani, mwaka 1992, na muziki uliompa jina ni wa Nashville. Kukulia Australia hakumfanyi mtu kuwa mwimbaji wa baladi za porini, na gari la mizigo likiimbwa vizuri linatosha kabisa kuwa baladi, hata asipokuwepo farasi. Lights on the Hill ni mfano: dereva wa lori, usiku, mvua, na taa za mlimani zinazompofusha. Huo nao, wengi huutaja kuwa utunzi wa Slim Dusty. Aliuimba yeye, aliyeuandika ni Joy McKean, na ndio uliopata tuzo ya kwanza ya Gitaa la Dhahabu, tuzo ya kantri ya Australia, kule Tamworth, New South Wales, mwaka 1973.