Kitenzi cha Kijerumani hakibanduki

Sentensi ambayo kalamu yangu nyekundu imeizoea kuliko zote ni hii: "Heute ich lese das Buch." Ilikotoka napajua. Mwanafunzi amewaza "leo ninasoma kitabu", akabadilisha neno mojamoja, akatulia. Kwa Kiswahili nafsi imo ndani ya kitenzi. Ile ni- imeng'ang'ania palepale, kwa hiyo ukitanguliza "leo" hakuna kinachosogea. Mjerumani husema "Heute lese ich das Buch". Heute imekaa mbele, ich imehamia nyuma ya kitenzi, lese haikubanduka.

Katika sentensi ya taarifa, kitenzi kinachobeba nafsi hukaa nafasi ya pili. Nafasi, si neno. Tazama "Am nächsten Montag kommt meine Schwester", yaani Jumatatu ijayo dada yangu anakuja. Kommt ni neno la nne, lakini yale matatu ya mwanzo ni fungu moja linalojibu "lini?". Wanaohesabu maneno kwa vidole hupotea hapa. Uliza swali, kisha jibu lote lihesabu moja.

Kitenzi kikiwa na vipande viwili, cha pili hutupwa mwisho: "Ich habe gestern das Buch gelesen" (jana nilisoma kitabu), "Ich rufe dich morgen an" (nitakupigia simu kesho). Usiipuuze ile an. Bila hiyo umemwita mtu, hukumpigia simu. Na baada ya weil (kwa sababu) au dass (kwamba), hata kitenzi chenye nafsi huenda mwisho: "weil ich heute das Buch lese". Hilo ni la mazoezi tu.

Viwakilishi ndivyo vinavyotoa jasho. Sisi tunayo -m- moja kwa kazi zote: ninamwona, ninampa, ninamsaidia. Kijerumani kinataka ujue kwanza huyo mtu kafanywaje. "Ich sehe ihn": mwanamume ninayemwona ni shamirisho kipozi, Akkusativ. "Ich gebe ihm das Buch": kinachotolewa ni kitabu, yeye ni mpokeaji, kitondo, basi Dativ. Kwa mwanamke ni sie na ihr. Hadi hapo mantiki ipo. Kisha anakuja helfen (kusaidia) na "Ich helfe ihm", Dativ tena, ingawa hakuna kilichokabidhiwa. Usihangaike kutafuta sababu. Kariri helfen, danken (kushukuru) na folgen (kufuata) pamoja na ihm yao.

Angalia na mpangilio. Kwa nomino, mpokeaji hutangulia: "Ich gebe dem Kind das Buch", ninampa mtoto kitabu. Zote mbili zikigeuka viwakilishi, mambo hupinduka: "Ich gebe es ihm".

Wengi hunilalamikia kwamba meza, der Tisch, eti imekuwa "mwanamume" kwa sababu inaitwa er, yeye wa kiume. Lalamiko hilo likitoka kwa msemaji wa Kiswahili hunichekesha. Tumekulia ndani ya ngeli! Kiti kimevunjika, mti umeanguka, na hakuna anayeuliza mti una jinsia gani. Er ya Tisch hufuata nomino yake kama ki- inavyokifuata kiti. Hata das Mädchen, msichana anayerejelewa kwa es, hana ajabu: -chen ni kiambishi cha udogo, na nomino iliyodogoshwa kwa -chen huwa das, jinsia isiyo ya kiume wala ya kike. Nasi mtoto tukishamfanya kitoto, husema kitoto kinalia.