Kabla ya kuuliza maziwa gani, taja umri wa mtoto

Mtoto aliyeletwa kwangu alikuwa na miezi 10 na mashavu yaliyojaa. Katika kadi yake ya kliniki mstari wa uzito ulikuwa umepanda kila mwezi bila kuyumba, na bibi yake, aliyempakata, alinionyesha kadi hiyo kwa fahari aliyostahili kuwa nayo. Baada ya kumwamkia niliomba mkono wa mtoto, nikakifungua kiganja chake na kukiweka kando ya kiganja cha mama yake. Cha mama kilikuwa na wekundu wake wa kawaida. Cha mtoto kilikuwa kimepauka hadi kwenye mikunjo. Kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea, lakini kipimo cha wingi wa damu kilitoa gramu 7.6 kwa desilita, ilhali kwa umri wake haipaswi kushuka chini ya 10.5.

Nilipouliza anakula nini, niliambiwa kwamba chakula hakitaki, anachopenda ni maziwa. Aliachishwa ziwa akiwa na miezi minne mama aliporudi kazini, na tangu hapo alikuwa akinywa maziwa ya ng'ombe kwa chupa, mwanzoni yakiwa yamechanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha matupu, hadi kufikia zaidi ya lita moja kwa siku. Bibi aliniambia, "Ni ya ng'ombe wetu wenyewe, daktari, hayajatiwa kitu." Mimi ni afisa lishe, si daktari, lakini sikumsahihisha, kwa sababu alilolisema lilikuwa kweli na ndilo nililotaka kulifafanua: maziwa yenyewe hayakuwa na kasoro yoyote, ila hayakuwa ya umri ule wala ya kiasi kile.

Maziwa ya ng'ombe yana protini takriban gramu 3.3 katika kila mililita 100, wakati maziwa ya mama yana kama gramu 1 tu. Ndama huongeza uzito wake maradufu kabla ya kutimiza miezi miwili, na mtoto wa binadamu huhitaji miezi minne hadi sita kufika hapo, kwa hiyo kila mama anatoa maziwa yanayolingana na mwendo wa mwanawe. Mtoto mchanga anayepewa maziwa ya ng'ombe hulazimika kuzitumikisha figo zake changa kutoa chumvi na mabaki ya protini asiyoihitaji, na utumbo wake unaweza kuvuja damu kidogo kidogo, kwa kiasi ambacho jicho halikioni kwenye choo. Juu ya hayo, madini ya chuma katika maziwa hayo ni haba mno: lita nzima haifikishi miligramu 1, ilhali mtoto wa miezi 7 hadi 12 anakadiriwa kuhitaji takriban miligramu 11 kwa siku, na kalsiamu pamoja na protini ya maziwa huzuia hata chuma kilichomo katika chakula kingine kisifyonzwe vizuri. Ndipo mtoto huweza kunenepa huku damu yake ikipungua, na mizani ya kliniki haina namna ya kulionyesha hilo.

Kuchanganya na maji ni desturi niliyoikuta karibu kila mahali nilipofanya kazi. Haikutoka hewani, kwa kuwa zamani sisi wataalamu wenyewe tulifundisha kanuni ya mililita 100 za maziwa, 50 za maji na gramu 10 za sukari kwa mtoto asiyenyonya. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza kwa watoto walio chini ya miezi sita, isipokuwa kama njia ya dharura ya muda mfupi, kwa sababu maji hupunguza protini lakini hayaongezi chuma wala vitamini, na nguvu ya chakula nayo inapungua. Mtoto anashiba maji.

Kwa hiyo, hadi miezi sita, maziwa ni ya mama peke yake, kuanzia dang'a ya siku za kwanza ambayo baadhi ya familia bado huikamua na kuimwaga kwa kudhani imeharibika. Hali hii inamhusu pia mama anayeishi na virusi vya UKIMWI akiwa anatumia dawa zake za kufubaza virusi ipasavyo: anyonyeshe miezi sita bila kuchanganya na kitu kingine, kisha aendelee kunyonyesha pamoja na chakula. Mama wa mtoto niliyemtaja angeweza kukamua maziwa yake asubuhi na kumwachia bibi amnyweshe kwa kikombe, na ninasikitika kwamba hakuna aliyemfundisha jambo hilo kabla likizo yake ya uzazi haijaisha.

Pale ambapo maziwa ya mama hayapatikani kabisa, kwa kifo, kwa ugonjwa au kwa sababu nyingine nzito, mbadala ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa maalumu kwa watoto wachanga, ambayo wengi huyaita maziwa ya kopo. Familia ijue mapema mzigo wake: mtoto wa miezi mitatu anayeyategemea peke yake hulimaliza kopo la gramu 400 kwa takriban siku nne. Asiyeambiwa hivyo hujikuta anapunguza vijiko ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na matokeo yake ni yaleyale ya kushibisha maji. Unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu, ndiyo maana maji yachemshwe na yatumike yakiwa bado ya moto, yaani si chini ya nyuzi 70, ambayo ni kama nusu saa tu tangu yaepuliwe. Kisha maziwa yapozwe ndipo mtoto anyweshwe, na yakikaa zaidi ya saa mbili yamwagwe.

Kati ya miezi sita na mwaka mmoja wataalamu hatukubaliani kikamilifu. Nchi kadhaa, ikiwemo Uingereza, hushauri maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji kikuu kabla ya mwaka mmoja, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unaruhusu maziwa ya mnyama kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11 asiyenyonya. Msimamo wangu ni kwamba ruhusa hiyo ina maana pale tu mtoto anapokula kila siku kitu chenye chuma, kama dagaa waliosagwa, maini au nyama iliyopondwa. Kama sahani haina vitu hivyo, maziwa hayawezi kuziba pengo. Maziwa ya mbuzi, ambayo watu husifu kuwa mepesi, yana foleti, vitamini inayosaidia kutengeneza damu, kidogo mno, na mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe mara nyingi hudhurika na hayo pia.

Akishatimiza mwaka mmoja mambo huwa rahisi. Maziwa ya kawaida yenye mafuta yake yote yanamfaa, na mililita 300 hadi 500 kwa siku zinatosha. Zaidi ya hapo yanachukua nafasi ya chakula. Mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa ni mzuri sana. Makopo ya "namba 3" yanayouzwa kwa watoto wa zaidi ya mwaka si ya lazima, na fedha zake zingenunua mayai na dagaa. Chai ya maziwa naiomba isihesabiwe kuwa maziwa, kwa kuwa majani ya chai nayo huzuia chuma.

Rafu za dukani zinahitaji macho. Nimewahi kuletewa unga mweupe ulionunuliwa kwa kupima, umefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na muuzaji alimwambia mama ni maziwa ya mtoto. Ulikuwa ni krimu ya kutia kwenye kahawa, yaani sukari na mafuta ya mimea. Maziwa mazito ya kopo ya kutia kwenye chai, karibu nusu yake ni sukari. Tui la nazi ni kiungo cha mchuzi na wali, si mbadala wa maziwa.

Bibi alikubali tupunguze hadi vikombe viwili vidogo kwa siku, mtoto apewe dawa ya maji ya madini ya chuma aliyoandikiwa na daktari, na chakula kitangulie maziwa yafuate. Kisha akaniuliza kuhusu kuchemsha, kwa kuwa ng'ombe wake wana afya. Nilimjibu kwamba kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya kutupa mimba hukaa ndani ya mnyama anayeonekana mzima, na kwamba maziwa ya mchuuzi ni ya hatari zaidi kwa sababu dumu moja hukusanya ya ng'ombe wengi. Yachemke hadi yapande, yakorogwe, yafunikwe. Na yale malai yanayotanda juu yakipoa, ambayo yeye alikuwa akiyaengua kwa kijiko na kumtengea babu, yakorogwe yarudi humohumo kwenye kikombe cha mtoto.